Mwalimu au Mzee Ruksa? Kabla hujachagua upande, chagua mizani

Mpwa wangu yuko kidato cha tano, mchepuo wa HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Juzi usiku alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Kwema saa hizi?"

Kwema, ila shuleni kwao kuna mdahalo Ijumaa. Mada: kati ya Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Ali Hassan Mwinyi, nani aliifaa zaidi Tanzania? Wameachiwa wachague upande wenyewe, naye ameshindwa, kwa sababu nyumbani kwao baba yake ni mtu wa Mwalimu wa kufa na kupona, na mama yake, ambaye ni dada yangu, akisikia Mwalimu anasifiwa hukumbuka foleni.

Nilimwomba siku mbili. Upande ninao, na nitausema huko mbele. Lakini mabishano haya nimeyasikia tangu utotoni, kijiweni, matangani, kwenye basi la Dodoma, na kila mara naona jambo lilelile: wabishani wawili, kila mmoja na mizani yake mkononi. Huyu anapima sukari, yule anapima amani. Wakikesha mpaka asubuhi hawatapatana, maana hawapimi kitu kimoja. Kwa hiyo nilichomwandikia kinaanza na mizani, ndipo kinawafikia wazee wenyewe.

Mizani ya sabuni

Nilizaliwa Morogoro mjini katikati ya miaka ya sabini, na kitu cha kwanza ninachokikumbuka cha enzi ya Mwalimu ni mche wa sabuni. Bibi aliupata baada ya jina lake kupita kwa mjumbe wa nyumba kumi na baada ya foleni iliyoanza alfajiri, foleni ambayo nusu yake ilikuwa mawe: kila jiwe ni mtu aliyekwenda kwanza kuchota maji au kuamsha watoto. Akifika nyumbani aliuweka mche juu ya meza, akachukua uzi, akauzungusha mahali alipopima kwa vidole viwili, akavuta ncha zote mbili polepole. Uzi ulizama, kipande kikadondoka, wala hapakubaki chenga. Kisu hakikuruhusiwa, kwa kuwa kisu hubomoa pembeni na sabuni inapotea. Kipande kile kilikuwa cha wiki nzima, watu saba. Kikiisha kabla ya Jumamosi, mashati ya shule yalifuliwa kwa majani ya mpapai.

Mizani hii ndiyo ya watu wengi, na sikubaliani na wasomi wanaoiona ya chini. Mama anayekosa sabuni ya kumwogeshea mtoto mchanga ana haki ya kuihukumu serikali kwa sabuni hiyo. Na kwa mizani hii Mwinyi anashinda, tena mbali. Aliapishwa kuwa Rais wa Muungano tarehe 5 Novemba 1985, na miaka michache baadaye maduka yalijaa. Mitumba ikaingia kwa marobota. Watu waliokuwa wakificha sukari chini ya kitanda wakaanza kuiuza barazani. Jina la Mzee Ruksa halikutungwa na chama. Lilitoka mitaani, na lilikuwa jina la mapenzi.

Ila anayetumia mizani hii aitumie yote, asikomee kwenye sahani moja. Mlango wa kuingiza bidhaa kwa fedha ya mtu binafsi, bila kuulizwa dola amezipata wapi, ulianza kufunguliwa na bajeti ya Juni 1984 iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya. Rais wakati huo alikuwa Nyerere. Mwinyi aliukuta mlango umeachwa wazi kidogo, akausukuma mpaka mwisho, na mwaka 1986 akatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ambayo mtangulizi wake aliyakataa kwa miaka mingi. Sifa ya kusukuma ni yake kabisa. Sifa ya komeo la kwanza wagawane.

Uhaba nao una wazazi wengi. Bei ya mafuta ilipaa mwaka 1973 na tena 1979. Ukame wa 1973 na 1974 ulitufanya tununue chakula nje. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Idi Amin aliivamia Kagera Oktoba 1978, na jeshi letu likaenda mpaka Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Gharama yake tuliilipa sisi, karibu peke yetu. Haya yote hayakuwa makosa ya Mwalimu. Lakini mashirika ya umma yaliyokula ruzuku bila kuzalisha yalikuwa yake. Kuvunjwa kwa vyama vya ushirika mwaka 1976 kulikuwa kwake. Mkonge, uliotoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya sitini, katikati ya miaka ya themanini haukufika 40,000. Bei ya dunia ilichangia, na mashamba yaliyotaifishwa bila watu wa kuyaendesha vizuri yakachangia zaidi.

Na ruksa pia ilikuwa na bei yake. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17 benki; Mwinyi alipoondoka ilikuwa imepita 500. Ada na michango vikarudi shuleni, na mwaka 1993 kuchangia gharama kukaingia hospitali za serikali. Sabuni ilipatikana. Swali likawa nani ana hela ya kuinunua, na kwetu kulikuwa na miezi ambayo bibi alilazimika kurudia uzi wake.

Mizani ya siku ya kukabidhi

Wapo wanaosema mpime kiongozi siku anapokabidhi ofisi: aliikutaje nchi, anaiachaje. Ni mizani ya mwajiri, na inaonekana ya haki. Mimi naiona mbovu kuliko zote, na mfano ni hawa wawili.

Mwalimu aliondoka 1985 maduka yakiwa matupu. Mwinyi aliondoka Novemba 1995 hazina ikiwa na matobo: misamaha ya kodi ilikuwa imezidi mpaka wafadhili wakasimamisha misaada mwishoni mwa 1994. Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu kisha ikatoka, mwaka huohuo wa 1993 kundi la wabunge hamsini na tano wakadai serikali ya Tanganyika, na Machi 1995 Nyerere mwenyewe akasimama mbele ya waandishi wa habari Dar es Salaam akasema nyumba imepata nyufa. Kwa siku ya kukabidhi, wote wawili wamefeli. Hakuna utakachojifunza zaidi ya kwamba wote wawili walichoka.

Isitoshe, hawakukabidhiana kama tunavyodhani. Nyerere alibaki mwenyekiti wa chama mpaka 1990, na katika nchi ya chama kimoja mwenyekiti alikuwa juu. Miaka mitano ya kwanza Mwinyi aliendesha gari huku mwenye gari amekaa kiti cha nyuma. Ukiipima miaka hiyo kama yake peke yake, unampunja au unamzidishia, kutegemea unapima nini.

Mizani ya jirani

Hii watu huitumia bila kujua. Mwaka 1983 tulimpima Mwalimu kwa Kenya. Mpaka uliofungwa 1977 ulikuwa ndio unafunguliwa tena, na aliyefika Taveta au Namanga alirudi na hadithi za maduka yenye rafu zilizojaa. Majirani walitutania kwamba kwetu mtu hali kitu, nasi tukawajibu kwamba kwao mtu hula mtu. Lakini moyoni tulitamani dawa yao ya meno.

Januari 2008 nilikuwa Arusha kikazi. Kenya ilikuwa inaungua baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya elfu moja walikufa, na wengi waliuawa kwa sababu ya kabila lao. Hotelini tulikaa mbele ya televisheni kimya. Mzee mmoja, fundi cherehani, ambaye jioni moja kabla alikuwa amemlaumu Mwalimu kwa kuifilisi nchi, alisema tu, "Mimi sijui kabila la jirani yangu." Hakuongeza neno.

Mpaka ni uleule na kiongozi ni yuleyule, lakini miaka ishirini na mitano baadaye hukumu ilikuwa imepinduka. Kilichobadilika ni swali tulilokuwa nalo. Ndiyo maana sifa za Nyerere zilipanda zaidi baada ya kifo chake, Oktoba 14, 1999, na hasa miaka ya kashfa za EPA, ya fedha za Benki Kuu, na Richmond, ya mkataba wa umeme, wakati kila gazeti lilikuwa na picha yake na fimbo. Watu walikuwa wanamhukumu waliyenaye kwa kumtumia waliyempoteza. Mwinyi hana bahati hiyo. Neema aliyoileta imekuwa hali ya kawaida, na hakuna anayekumbuka kushukuru kwa sabuni iliyo dukani.

Anayechagua mizani ya jirani basi awe mkweli ni jirani yupi na mwaka upi. Wa kaskazini pekee hatoshi. Aprili 1994, Mwinyi akiwa Rais, Warwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja na ushei, na nchi maskini ikawapokea. Makubaliano ya amani ya Rwanda ya Agosti 1993 yalitiwa saini Arusha, chini yake. Hayakuizuia damu, lakini meza iliwekwa kwetu.

Mizani ya kinachobaki

Majina ya barabara na sikukuu siyahesabu. Hiyo ni hukumu ya serikali. Uwanja wa ndege, hifadhi ya taifa, bwawa la umeme, jengo la Umoja wa Afrika kule Addis Ababa, vyote vina jina la Nyerere. Mwinyi ana barabara nzuri Dar es Salaam na uwanja wa mpira Tabora. Tukipima hivyo tunapima vibao.

Ninachohesabu ni kitu ambacho mtu wa kawaida anacho mkononi leo na asingekuwa nacho. Bibi alikuwa na cheti cha kisomo cha watu wazima. Alikianza kisomo akiwa na zaidi ya miaka arobaini, jioni, chini ya mwembe wa shule ya msingi, akiwa na ubao wa mtoto wake. Kabla ya hapo barua ya mjomba kutoka Tanga ilisomwa na mtoto wa jirani, na bibi alikuwa na hakika kwamba yule mtoto anaruka mistari. Baada ya kisomo alisoma mwenyewe, kwa sauti, kidole kikifuata neno kwa neno, akirudia pale mjomba alipoomba radhi. Pamba yake ikipimwa kijijini alisimama upande wa namba. Mwanzoni mwa miaka ya sabini wastani wa mtu mzima mmoja katika watatu ndiye aliyejua kusoma. Mwaka 1986 serikali ilitangaza kwamba wamefika asilimia 90. Hata ukipunguza kwa sababu ni hesabu ya serikali inayojisifu, bado ni kazi kubwa mno kwa nchi maskini vile, na ilifanywa kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya kabila lolote kubwa la bara.

Cha Mwinyi kinachobaki ni kigumu zaidi kukishika, nami nadhani ndiyo maana kinasahaulika. Vyama vingi vilirudi Julai 1992. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliuliza wananchi, na kama asilimia 80 walisema wanataka chama kimoja kiendelee. Tume ikashauri wale wachache wasikilizwe, na Mwinyi akakubali. Hapa pia Nyerere ana hisa, kwa kuwa tangu 1990 alikuwa akisema chama kimoja si msahafu. Magazeti binafsi yakatoka, na mwaka 1994 Bara ikapata televisheni. Juu ya yote, Mwinyi ndiye Rais wa kwanza aliyeondoka kwa sababu muda wake umekwisha kikatiba. Nyerere aliondoka kwa hiari baada ya kuiongoza nchi miaka ishirini na nne, jambo la heshima kubwa Afrika ya wakati ule. Lakini heshima ya mtu mmoja si kanuni. Miaka kumi kisha nenda nyumbani ilikuja kuwa desturi kwa sababu wa kwanza aliyebanwa na sheria hiyo alitii bila kutafuta njia ya pembeni. Angalia majirani wetu wangapi hawana desturi hiyo.

Niongeze la Zanzibar, kwa sababu wanaoandika kutoka Bara hulipita. Kwa Mzanzibari mwingi mizani huanzia 1964, Mapinduzi ya Januari na Muungano wa Aprili, na Nyerere huonekana pale kwa sura nyingine kabisa. Familia zilizotawanyika mpaka Muscat na Dubai zina hesabu yao, na haifutwi kwa kisomo cha bibi yangu. Mwinyi kwa upande wake alikuwa Rais wa Zanzibar kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa tu, kuanzia 1984, lakini wazee wa Unguja niliokaa nao humtaja kama mtu aliyefungua dirisha: biashara ikalegezwa, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikaweka haki za binadamu kwa maandishi. Kama wewe ni wa huko, usiazime mizani ya Morogoro.

Mizani ninayoitumia mimi

Baada ya miaka mingi ya kubadilisha mawazo nimebaki na swali moja: makosa yake, aliyekuja baada yake aliweza kuyarekebisha? Na mema yake, yangeweza kufanywa na mtu mwingine baadaye?

Maduka matupu yalijaa ndani ya miaka mitano. Benki zilizotaifishwa Februari 1967 zilibinafsishwa. Hazina ya Mwinyi iliyovuja ilizibwa kwa kiasi kikubwa baada ya Mamlaka ya Mapato kuanza kazi Julai 1996. Ada za shule ya msingi zilifutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Haya yote ni makosa ya kweli na yaliumiza, lakini yana fundi.

Sasa yasiyo na fundi. Kwa Mwalimu, naanza na Operesheni Vijiji. Mwisho wa 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na mamilioni wakahamishwa mpaka 1976. Wengi walikwenda kwa lori, nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa ili wasirudi. Mzee aliyepandishwa juu ya lori na kushushwa porini mvua zikianza hakurudishiwa mwaka ule. Isimani, Iringa, siku ya Krismasi 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, kwa ugomvi uliotokana na siasa ya mashamba ya ujamaa. Wote wawili walikufa kwa ajili yake, mmoja kwa risasi na mwingine kwa kitanzi. Kuna Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962. Kuna Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi nzima akiitafutia TANU wanawake, akaishia kuhukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa kwa msamaha wa Rais 1972. Barabara yenye jina lake ni nzuri. Miaka ile hairudi. Anayemsifu Mwalimu na kuyaruka haya anamkosea hata yeye.

Kwa Mwinyi, lisilo na fundi mpaka leo ni Azimio la Zanzibar la Februari 1991. Azimio la Arusha lilikuwa limemkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni, au nyumba ya kupangisha. Azimio la Zanzibar likayalegeza haya. Sababu zilikuwepo: watumishi walikuwa hawaishi kwa mshahara, na wengi walikuwa wameshaanza kufuga kuku na kupangisha mabanda kwa siri. Mwinyi alisema kila zama na kitabu chake, na msemo huo una ukweli. Mwaka 1995 akatia saini sheria ya maadili ya viongozi, watangaze mali zao. Lakini kati ya kukatazwa kuwa nacho na kutakiwa kukitaja kuna umbali, na katika umbali huo ndimo tulimopotelea. Kila aliyejaribu kurudisha miiko baadaye ameikuta imeshakuwa hadithi ya wazee.

Na mema? Kufungua soko, nadhani, yeyote aliyekaa Ikulu mwaka 1986 angelazimika kulifungua, mapema au kwa kuchelewa, kwa upole wa Mwinyi au kwa ukali wa mwingine. Upole ule ulikuwa na thamani: nchi iligeuka nyuzi mia na themanini bila vita. Lakini kuwafanya watu wa makabila zaidi ya mia moja na ishirini waone aibu kuulizana kabila, hilo lilikuwa na wakati wake mmoja tu, mwanzoni kabisa, kabla vyama havijashika ukoo. Aliyekosa wakati huo hakuupata tena. Kwa sababu hii peke yake, na nikiwa na deni la Isimani na la Bibi Titi wazi mbele yangu, upande wangu ni wa Mwalimu.

Wao wenyewe walijipimaje

Kuna jambo moja linalonifanya niwapende wote wawili, na ndilo nililomsisitizia mpwa wangu. Mwaka 1984, akiwa bado madarakani, Nyerere aliulizwa angefanya nini tofauti kama angeanza upya. Alitaja mawili: asingefuta serikali za mitaa, na asingevunja ushirika. Alisema hivyo waziwazi kwenye mahojiano ya kuchapishwa. Operesheni Vijiji hakuitaja, na kwangu hilo ni pengo, lakini ni marais wangapi wanaokiri hata mawili?

Mwinyi alijipima kwa kitendo. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji wa vikongwe Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola na baadhi wakafa. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuagiza, hakuwepo. Januari 1977 alijiuzulu kwa kuwa wizara ilikuwa yake. Akapelekwa ubalozi Misri, na mtu angedhani safari yake imeishia hapo; miaka minane baadaye akawa Rais. Akiwa mstaafu, mwaka 2009, kijana alimpandia jukwaani kwenye Baraza la Maulid na kumpiga kofi mbele ya umati. Mzee alijiweka sawa, akaendelea kuzungumza.

Kwa hiyo uchague nani

Nilimwandikia hivi. Kama majaji wa mdahalo ni wazazi waliopanga foleni, na unataka kuongea juu ya nyumba na jiko, mchukue Mwinyi, lakini uitaje bajeti ya 1984 kabla mpinzani hajakutajia. Kama unataka kuongea juu ya taifa, lugha na shule, mchukue Nyerere, na Isimani uitaje wewe mwenyewe, mapema, kwa heshima. Ukitaka kuongea juu ya madaraka na namna ya kuyaachia, wote wawili watakufaa, na Mwinyi kidogo zaidi, kwa 1977 na 1995. Mizani ya siku ya kukabidhi mwachie mpinzani wako.

Jibu lilikuja jana jioni. "Mjomba, nimemchukua Mzee Mwinyi. Naanza na kujiuzulu kwake, namalizia na sabuni." Ananiomba nimtumie mche mmoja na uzi, akate mbele ya darasa ili waone. Anataka kujua uzi wa aina gani.

Nimemjibu uwe wa pamba, na auloweshe kwanza.